Kuweka sakafu ya mbao kwa bunduki ya misumari juu ya jamvi la zege: mwongozo kamili kwa nyumba za Dar es Salaam

Maelekezo mengi yanayokuja ndani ya boksi la bunduki ya sakafu yameandikwa kwa ajili ya nyumba za Marekani, ambako chini ya sakafu kuna mbao nyingine, na chini ya hizo kuna maboriti ya mbao. Msumari ukipita wote hakuna kinachoharibika. Dar es Salaam tunajenga juu ya jamvi la zege, na ghorofani pia ni zege. Mtu akinunua misumari ya inchi mbili kwa sababu boksi limeandikwa hivyo, akatandika plaiwudi moja ya milimita 18 na kuanza kupiga, ncha za misumari zitatoboa plaiwudi na nailoni ya kuzuia unyevu, kisha zigonge zege. Mbao hazitakaza sawasawa, na unyevu utakuwa umefunguliwa njia mamia ya mara chini ya sakafu mpya.

Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye mambo mawili: unyevu na urefu wa msumari. Bunduki yenyewe mtu huizoea kwa muda mfupi. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama sakafu itadumu.

Anza na jamvi

Zege jipya halina haraka ya kukauka. Kanuni ya mafundi wengi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo jamvi la sentimita 10 lihesabie miezi minne, na kama masika ya Machi hadi Mei yameingia katikati, ongeza. Nyumba ya zamani nayo isikuhadae. Maeneo ya bondeni na yaliyo karibu na bahari, kama sehemu za Msasani, Mikocheni na Kigamboni, maji ya ardhini yapo juu na jamvi linaweza kuwa linavuta unyevu kila siku bila mtu kuona, hasa kama halikuwekewa nailoni lilipomwagwa.

Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Kata kipande cha nailoni ngumu isiyo na rangi, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne pasiwe na mwanya, ukiache usiku kucha na mchana wake. Rudia sehemu tatu au nne za chumba: katikati, karibu na ukuta wa nje, na jirani na bafu. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi, usiendelee. Tafuta chanzo kwanza: bomba linalovuja, maji ya paa yanayotuama kwenye msingi, au udongo wa nje uliopanda juu kuliko jamvi. Nailoni ikiwa kavu ni dalili nzuri, ingawa haimaanishi kwamba unaweza kuacha nailoni ya DPM, yaani ile ya kuzuia unyevu, baadaye. Hiyo inawekwa kila mara.

Pima usawa pia. Chukua rula ndefu ya alumini ya mita tatu, izungushe chumba kizima. Mwanya chini ya rula usizidi milimita 6. Penye kilima saga kwa grenda ya kusagia zege, penye shimo jaza kwa kampaundi ya kusawazisha. Kama jamvi lina vigae, si lazima kuvitoa, mradi vimeshika. Vigonge kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, na kile kinacholia utupu king'oe na ujaze mahali pake.

Mchwa nao wakumbukwe sasa, kabla chochote hakijafunikwa. Nyufa za jamvi na kona zote za kuta zipuliziwe dawa na zizibwe, maana mbao zikishatandikwa hakuna atakayeona njia zao mpaka sakafu iwe imeliwa.

Mbao: aina na unyevu wake

Kwa sakafu, mninga ni chaguo ambalo ni vigumu kulishinda. Ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, na hilo katika mji wa pwani ni mali kubwa. Mkongo ni mgumu zaidi na mchwa hauupendi. Msaji, au mtiki kama wengi wanavyouita, unapandwa katika mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, hivyo ukinunua huo hupunguzi miti ya asili. Mbao za paini za Mufindi ni laini mno kwa sakafu ya sebule, lakini zilizotiwa dawa zinafaa sana kwa kazi ya chini. Popote unaponunua, dai hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mninga umekatwa sana, na mnunuzi asiyeuliza karatasi anachangia kuumaliza.

Sasa unyevu. Hewa ya Dar es Salaam hukaa mara nyingi kwenye unyevunyevu wa asilimia 75 hadi 80, na mbao iliyoachwa katika hewa hiyo hutulia kwenye unyevu wa ndani wa asilimia 14 au 15. Chumba chenye AC inayofanya kazi kila siku kinaweza kushuka hadi asilimia 55 au 60 ya unyevunyevu wa hewa, na hapo mbao hutulia karibu na asilimia 10. Tofauti hiyo ya asilimia nne inaonekana ndogo hadi uipigie hesabu. Msaji hubadilika upana kwa karibu asilimia 0.19 kwa kila asilimia moja ya unyevu, kwa mbao iliyopasuliwa kwa ubapa. Chumba chenye upana wa mita nne, asilimia nne za unyevu: unapata kama sentimita tatu za mabadiliko kwa jumla. Kila ubao wa milimita 90 unajivuta zaidi ya nusu milimita. Hizo ndizo nyufa nyeusi unazoziona kati ya mbao kwenye vyumba vilivyofungwa AC baada ya sakafu kuwekwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mbao iliyotoka tanurini ikiwa na asilimia 8, ikapigwa mara moja kwenye chumba kisicho na AC, itatanuka, itabana kuta na kuinuka katikati.

Kwa hiyo nunua, au azima, mita ya kupimia unyevu wa mbao, ile yenye sindano mbili. Leta mbao ndani ya chumba chenyewe zitakapokaa, madirisha na milango ikiwa tayari, plasta na rangi ya kwanza vimekauka. Zipange kwa tabaka ukiweka vipande vyembamba katikati ili hewa ipite. Kama wenye nyumba wataishi na AC, iwashwe sasa kwa kiwango kile kile watakachokitumia. Mbao zikae mpaka mita isome namba ile ile kwa siku kadhaa mfululizo. Usikubali kuambiwa "wiki moja inatosha". Mita ndiyo itakayosema. Plaiwudi ya chini nayo ipimwe: kwa mbao zenye upana chini ya milimita 75, tofauti kati yake na plaiwudi isizidi asilimia 4, na kwa mbao pana zaidi isizidi 2.

Agiza asilimia 10 juu ya eneo la chumba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20, agiza 22.

Vifaa

Bunduki ya sakafu si ile ndogo ya kupigia fanicha inayoonekana kwa mafundi wa Keko. Hii ina kitako kinachokaa juu ya ubao na kuukumbatia ukingo wake, ili msumari uingie kwa mshazari wa nyuzi 45 juu ya ulimi, yaani ukingo uliochomoza unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani. Hupigwa kichwani kwa nyundo ya mpira: pigo lile lile linausukuma ubao ubane mwenzake na kufungua hewa ya kompresa inayozamisha msumari. Hakikisha kitako kinalingana na unene wa ubao wako, kwa kawaida kuna vibao vya kubadilisha, na kwamba chini yake kuna plastiki laini isiyokwaruza.

Utahitaji pia ile bunduki ndogo ya geji (kipimo cha unene wa msumari) 16 au 18 kwa mistari ya kwanza na ya mwisho, ambako kubwa haitoshei. Kompresa ya lita 24 hadi 50 inatosha kabisa. Ukiletewa kompresa kutoka Marekani, soma kibandiko chake: nyingi ni za volti 110, na umeme wetu ni wa 230.

Zaidi ya hapo ni msumeno wa kukatia pembe, msumeno wa mviringo wa kupasulia ubao wa mwisho, jigso ya kuzungukia miimo ya milango, drili, uzi wa chaki, tepu, kabari, mtaimbo mdogo, miwani, vizibo vya masikio na barakoa nzuri. Vumbi la mvule na la mkongo linawasha pua na koo, na kitambaa cha kufunga mdomoni hakilizuii.

Jambo moja kuhusu umeme. Kompresa haipendi waya mrefu mwembamba, mota inakosa nguvu, inanguruma na kuungua. Iweke kompresa karibu na soketi, kisha urefushe mpira wa hewa. Mpira wa mita 15 hauna madhara, lakini ekstensheni nyembamba ya mita 15 itakuulia mashine.

Misumari: aina, na hesabu ya urefu

Bunduki za sakafu hupiga aina mbili. Kuna pini za miguu miwili, zenye umbo la U, za geji 15.5. Kuna misumari bapa yenye meno ubavuni, ya geji 16 au 18, kichwa chake kikiwa kama herufi L au T. Kila bunduki ina yake, huwezi kuchanganya. Pini hushika kwa nguvu tangu siku ya kwanza lakini hupasua ulimi wa mbao ngumu. Msumari wa meno huruhusu ubao kucheza kidogo unapotanuka na kusinyaa bila kulegea, na kwa mji wenye masika na AC, huo ndio ninaoupendekeza. Kwa mkongo au mbao nyingine ngumu chukua ule mwembamba wa geji 18, kama bunduki yako inaupokea. Kumbuka geji ikipanda, msumari unakuwa mwembamba.

Sasa hesabu yenyewe. Msumari ukiingia kwa nyuzi 45, kina chake cha wima ni kama asilimia 70 ya urefu wake. Ubao wa milimita 19 huwa na ulimi ambao juu yake pako kama milimita 11 kutoka chini ya ubao. Chukua msumari wa milimita 50, yaani inchi mbili: kina cha wima ni 35, toa 11 za ubao, zinabaki 24. Plaiwudi ni 18. Umetoboa na umegonga zege. Chukua wa milimita 45: kina 32, toa 11, zinabaki 21. Bado umetoboa. Chukua wa milimita 38, inchi moja na nusu: kina 27, toa 11, zinabaki 16. Umeingia ndani ya plaiwudi karibu yote na haukutokea upande wa pili. Huo ndio wa plaiwudi moja ya milimita 18 juu ya jamvi.

Inchi mbili itumie ukiwa umejenga juu ya papi, yaani fito za mbao zinazopangwa juu ya zege, au juu ya tabaka mbili za plaiwudi zenye jumla inayozidi milimita 24. Ubao wako ukiwa na unene mwingine, pima ulimi wake uko wapi na urudie hesabu kabla ya kwenda dukani.

Kwa idadi, chumba cha mita za mraba 20 chenye mbao za milimita 90 kina mita 222 za ubao. Ukipiga kila sentimita 20 ni zaidi ya misumari 1,100, na miisho ya mbao huongeza mingine. Boksi mbili za elfu moja zinatosha na kubaki.

Tabaka la chini

Fagia, kisha vuta vumbi lote. Tandaza nailoni ya DPM ya geji 1000, vipande vipandane sentimita 15 na viungwe kwa tepu, na pembeni ipande ukutani sentimita 10. Ziada itakatwa mwishoni.

Plaiwudi iwe ya milimita 18, ya gundi isiyoogopa maji. Ile ya marine inafaa, mradi ni mpya. Iliyokwisha kutumika kufungia zege imejaa maji, mafuta na misumari iliyokatikia ndani, achana nayo. Zitandike shiti kwa mshazari au kukingama na mwelekeo wa mbao za juu, viungo vipishane, ukiacha milimita 3 kati ya shiti na shiti na sentimita 2 kutoka ukutani. Usizibananishe hata kidogo, nazo hutanuka.

Zifunge kwenye zege kwa skrubu za zege au fisha, zisizopungua 32 kwa kila shiti ya futi 4 kwa 8, ukianza katikati kuelekea kingo. Vichwa vizame. Kabla ya kutoboa ghorofani, tafuta mabomba ya umeme na maji yanapita wapi. Ndiyo, skrubu zinatoboa nailoni, lakini kila moja inajaza tundu lake na kubana, tofauti na ncha ya msumari inayochezacheza chini.

Ukichagua papi badala ya plaiwudi, ziwe zimetiwa dawa, zipangwe kila sentimita 25 hadi 30, na kila ubao upigwe msumari kwenye kila papi unayoivuka. Ni imara na hewa hupita chini, ila sakafu inapanda karibu sentimita 7, na milango yote itakatwa. Kwa nyumba iliyokwisha kumalizika, plaiwudi ni nafuu.

Mistari ya kwanza

Mbao zielekee urefu wa chumba. Usiuamini ukuta, kuta zetu za tofali mara nyingi zimepinda. Pima kutoka ukutani upana wa ubao mmoja jumlisha nafasi ya kutanuka ya milimita 15 hadi 20, weka alama pande zote mbili, piga uzi wa chaki. Mstari huo ndio bwana wa chumba. Ukikosea milimita 3 hapa utazikuta nyingi upande wa pili.

Chagua mbao zilizonyooka kuliko zote. Zipange kwenye chaki, mfereji ukielekea ukutani na ulimi ukielekea chumbani, kabari zikishikilia nafasi ya ukutani. Zipige juu kwa bunduki ndogo, kila sentimita 25, sentimita moja na nusu kutoka ukingo wa ukutani, mahali ambapo skating, ule ubao wa chini ya ukuta, itafunika. Kisha zipige kwa mshazari juu ya ulimi kwa bunduki hiyo hiyo. Mstari wa pili na wa tatu nao hivyo, mpaka upate nafasi ya kusimamisha bunduki kubwa.

Chumba kinachozidi mita 6 kwa upana kianzie katikati: mstari wa kwanza unakaa katikati ya chumba, kwenye mfereji wake unagundishwa ulimi wa ziada wa ubao mwembamba, na unapiga kuelekea kuta zote mbili. Hivyo kutanuka kunagawanyika pande mbili.

Kupiga

Kila asubuhi, fungua kizibo chini ya tangi la kompresa utoe maji. Katika hewa ya pwani yatatoka mengi, na yakiachwa yanaingia kwenye bunduki na kuikatisha kazi kwa kutu. Tia matone machache ya mafuta ya vifaa vya hewa kwenye mdomo wa bunduki. Kamwe usiunge bunduki kwenye mtungi wa oksijeni au wa gesi yoyote, italipuka mkononi.

Anza na mgandamizo wa psi 80, sawa na baa 5.5, ukijaribu kwenye vipande vya mbao ile ile juu ya plaiwudi ile ile. Kichwa cha msumari kizame kidogo kwenye pembe ya ulimi. Kikichomoza, ubao unaofuata hautafunga. Ongeza psi 5. Ulimi ukipasuka, punguza. Usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye bunduki.

Kabla ya kupiga, tandaza mistari sita au saba ikiwa huru, ukichanganya mbao za mafungu tofauti ili rangi zisijikusanye sehemu moja. Viungo vya miisho vipishane angalau sentimita 15, na kwa mbao pana mara tatu ya upana wake. Epuka viungo kupanda kama ngazi, na epuka kiungo kurudi mahali pale pale baada ya mstari mmoja. Mbao fupi zisambaze, usizirundike mlangoni.

Simama juu ya mbao unazozipiga, ili uzito wako uzishikilie chini. Gonga ubao kwa upande laini wa nyundo mpaka ubane, kaa sawa na bunduki, piga pigo moja la kweli. Pigo la woga huzamisha msumari nusu. Msumari wa kwanza uwe sentimita 5 hadi 8 kutoka mwisho wa ubao, kisha kila sentimita 20, na kila ubao hata mfupi upate isiyopungua miwili. Ubao uliopinda uvute kwa mtaimbo na kabari, ukishindikana ukate vipande vifupi. Kulazimisha ni kuhifadhi mlio wa baadaye.

Kila mistari mitano, vuta uzi na pima hadi ukuta wa mbele pande zote mbili. Ukianza kupinda, unarekebisha kidogo kidogo kwa mistari kadhaa.

Bunduki ikikwama, chomoa mpira wa hewa kwanza. Kwanza kabisa, kabla hujaigusa mdomo. Na watoto wa nyumba wasiwemo chumbani saa za kazi. Kwa walio ghorofani, waambie majirani wa chini siku moja kabla, kelele zinashuka zote kwao.

Mistari ya mwisho

Ikibaki mistari mitatu au minne, bunduki kubwa haina nafasi ya nyundo. Rudi kwenye ndogo, piga kwa mshazari, na mbili za mwisho piga juu. Ubao wa mwisho pima kila mahali, upasue kwa urefu ukiacha tena zile milimita 15 hadi 20 za ukutani, uvute kwa mtaimbo ukikingia ukuta kwa kipande cha ubao. Miimo ya milango ikate chini ili ubao uingie ndani yake, inapendeza kuliko kuzungushia ubao.

Matundu ya misumari ya juu jaza kwa unga wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi. Kata nailoni iliyobaki, weka skating, na uipigilie ukutani, isiwe kwenye sakafu, ili mbao ziweze kucheza chini yake.

Kusugua na vanishi

Zipe mbao siku kadhaa zitulie, halafu sugua kwa mashine: msasa namba 40, kisha 60, 80, na 100, bila kuruka hata mmoja, maana mikwaruzo ya 40 haiondolewi na 100. Vumbi lote litoke kwa mashine ya kufyonza, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Vanishi tatu, nyembamba, ukisugua kwa namba 220 kati ya moja na nyingine. Msimu wa mvua inachelewa kukauka, na ukiwahi kupaka ya pili juu ya laini itakunjamana. Zima feni, usizielekeze sakafuni, zitaleta vumbi.

Samani ziingie zikiwa zimenyanyuliwa, zimebandikwa vitambaa miguuni. Zulia lisubiri kama wiki mbili. Mlangoni weka zulia nene la kufutia miguu, nje na ndani, kwa sababu mchanga wa ufukweni husugua vanishi kila mtu anapopita. Kudeki kwa ndoo ya maji kuishie jikoni na barazani. Hapa ni ufagio laini na kitambaa kilichokamuliwa.

Kompresa isihifadhiwe na maji. Toa hewa yote, fungua kizibo cha chini, na kiache wazi.